Umeambiwa una saratani ya umio: cha kufanya kwanza, na namna ya kuchagua matibabu

Panda kwenye mizani leo. Andika kilo na tarehe, halafu kumbuka ulikuwa na kilo ngapi miezi sita iliyopita. Daktari atazihitaji namba hizo mbili sawa na anavyohitaji picha za ndani ya mwili, kwa sababu saratani hii humdhoofisha mtu kwa njaa kabla ya kumdhoofisha kwa kitu kingine. Umio ni mrija wa misuli wenye urefu wa sentimita 25 hivi, unaoshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kwa vile hutanuka, uvimbe unaweza kukua kimyakimya hadi njia iwe nyembamba sana, na ndiyo maana wengi hufika hospitali wakiwa wamekwisha kukonda. Ukipungua asilimia 10 ndani ya miezi sita, yaani mtu wa kilo 70 akabaki na 63, unamhitaji mtaalamu wa lishe wiki hii, usingoje majibu yote yatoke.

La pili la kushika: muda wa kupima upo. Uvimbe huu haukuota jana, na wiki mbili tatu za vipimo vilivyofanywa vizuri zina faida kuliko kukimbilia tiba isiyo yako. Kinachoharibu mambo ni kusubiri majibu huku huli. Basi vipimo viendelee, na chakula kisikatike.

Kwanza: linda njia ya chakula

Kumeza hupimwa kwa ngazi tano. Ngazi 0, unakula kila kitu. Ngazi 1, baadhi ya vyakula vigumu vinakwama. Ngazi 2, vinapita vilivyopondwa tu. Ngazi 3, vya majimaji tu. Ngazi 4, hata mate hayapiti. Andika ngazi yako mara mbili kwa wiki kando ya uzito. Ikipanda kwa moja ndani ya wiki, piga simu hospitali bila kungoja siku ya kliniki. Ngazi 4 ni dharura ya siku hiyohiyo, kwani mwili unakauka na mate yanaweza kuingia mapafuni.

Kiasi cha kulenga kwa siku ni kilokalori 25 hadi 30 na protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya mwili. Mwenye kilo 60 anatafuta kilokalori 1,500 hadi 1,800, na protini gramu 72 hadi 90. Yai moja lina gramu 6 hivi za protini, glasi ya maziwa ya mililita 250 ina gramu 8. Ukijumlisha utaona kwamba milo mitatu midogo haitoshi. Gawanya chakula mara sita hadi nane, na ule kwa saa, usisubiri njaa ije.

Njia rahisi ya kuongeza nguvu bila kuongeza ujazo: koroga vijiko vinne vya chakula vya maziwa ya unga ndani ya nusu lita ya maziwa, kisha tumia maziwa hayo kila mahali ambapo ungetia maji. Kila bakuli la chakula kilichosagwa litiwe kijiko cha mafuta au siagi. Supu nyepesi na chai isiyo na maziwa hujaza tumbo bila kuacha nguvu, kwa hiyo vije baada ya mlo, visitangulie. Mwenye kisukari aombe mpango wake mwenyewe, maana kurutubisha huku kunaweza kupandisha sukari.

Vinavyokwama mara nyingi ni mkate laini mpya, ambao hugeuka donge ukilowa, nyama kavu, maganda ya matunda, na mboga zenye nyuzi. Kaa wima. Chukua tonge dogo, tafuna hadi liwe kama uji, fuatisha funda la kinywaji. Baada ya kula usilale kwa dakika 30 hadi 60. Kikikwama, acha kula, simama, tulia, jaribu funda dogo la maji. Usikisukume kwa tonge jingine, hapo ndipo njia inapozibwa kabisa. Na vinywaji vipoe kwanza. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi joto 65 za Selsiasi katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio. Kwa umio ambao umekwisha kuchubuka, moto huo ni maumivu ya bure.

Vidonge navyo hukwama. Muulize mfamasia kama dawa yako ipo ya maji, ya kuyeyusha, au ya kubandika. Usisage kidonge chochote kabla ya kuuliza. Vile vinavyoachia dawa taratibu, vikisagwa, humwaga dozi ya siku nzima kwa mara moja.

Kuna kosa moja la upendo ambalo jamaa hulifanya. Mtu akiwa hajala karibu chochote kwa zaidi ya siku tano, halafu njia ikafunguliwa, wote humhimiza ale kwa wingi. Hapo fosfati, potasiamu na magnesi za damu zinaweza kuporomoka ghafla, na moyo ukapoteza mapigo yake ya kawaida. Mgonjwa wa namna hiyo huanzishiwa chakula kidogokidogo chini ya uangalizi, akiwa amepewa vitamini B1 kwanza na damu ikipimwa mara kwa mara.

Njia ikibana sana kabla ya matibabu kuanza, omba kujadiliwa mpira wa kulishia. Ule wa puani huwekwa haraka na unatosha kwa wiki chache. Wa muda mrefu hupitishwa ukutani mwa tumbo hadi kwenye utumbo mwembamba. Ukiambiwa mpira utawekwa kwenye tumbo lenyewe, au kwamba utawekewa stenti, yaani kibomba cha wavu wa chuma kinachotanua umio, uliza kwanza: je, bado naweza kufanyiwa upasuaji? Daktari wa upasuaji hulitumia tumbo hilo kutengenezea umio mpya, kwa hiyo halifai kutobolewa ovyo. Stenti nayo huleta maumivu, huweza kuhama au kutoboa, na haishauriwi kama daraja la kumfikisha upasuaji mtu anayeweza kupona. Tumeliweka swali hili mapema makusudi, kwa kuwa uamuzi huo mara nyingi hufanywa katika siku ya kwanza ya pilikapilika, kabla jopo la madaktari wako halijakaa.

Pili: pata majibu manne

Mpaka uwe na majibu haya, hakuna anayeweza kukuambia kwa haki tiba ipi ni yako.

Aina. Kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kilichotolewa kwa kamera iliyopitishwa mdomoni, kitasema kama ni saratani ya seli bapa au ya seli za tezi. Ya seli bapa hupenda sehemu ya juu na ya kati, ikihusishwa na tumbaku na pombe. Ya seli za tezi hukaa chini, karibu na tumbo, ikihusishwa na kucheua asidi kwa miaka mingi na unene. Zinatibiwa tofauti, kwa hiyo ripoti inayosema tu "saratani" haijakamilika. Huchukuliwa walau vinyama sita, kwa sababu kimoja kinaweza kugusa sehemu iliyooza na kutoa jibu tupu. Uliza pia kama kinyama kimepimwa alama ya PD-L1 na hitilafu ya MMR, na kwa seli za tezi, HER2. Ndizo zinazoonyesha kama dawa za kinga, zinazoamsha kinga ya mwili ipigane na saratani, au dawa lengwa, zinazolenga alama fulani ya seli za saratani, zitakufaa.

Mahali. Ripoti ya kamera hutaja umbali kutoka kwenye meno ya mbele, kwa mfano sentimita 32. Namba hiyo inaamua kama upasuaji utafungua shingo, kifua au tumbo, na kama bomba la hewa liko karibu kiasi cha kuhitaji kuchunguzwa kwa kamera yake.

Hatua. Skani ya CT ya kifua na tumbo huja kwanza. Haikuonyesha kusambaa? Hufuata skani ya PET, inayofichua kilichosambaa ambacho CT haikukiona. Kamera yenye mawimbi ya sauti hupima kina cha uvimbe. Herufi tatu zitaandikwa. T ni kina: T1a imeishia kwenye utando wa ndani, T1b imefika tabaka la chini yake, T2 imeingia misuli, T3 imefika tabaka la nje, T4 imegusa viungo jirani. N ni tezi za limfu: N1 ni tezi moja au mbili, N2 ni tatu hadi sita, N3 ni saba au zaidi. M1 maana yake imesambaa mbali. Kwa uvimbe wa chini karibu na tumbo, huenda ukachunguzwa tumboni kwa kamera kupitia tundu dogo, kwa kuwa madoa madogo kwenye utando wa tumbo hayaonekani kwenye skani. Kipimo hicho huwaepusha baadhi ya wagonjwa na upasuaji mkubwa usiokuwa na faida.

Nguvu za mwili. Moyo, mapafu, figo, na unavyojimudu. Swali linaloulizwa ni la kawaida kabisa: unapanda ngazi bila kusimama? Unashinda kitandani kiasi gani cha mchana? Jibu ukweli, usijikaze mbele ya daktari ukauachia mwili kazi.

Weka nakala za yote kwenye faili moja: ripoti ya kinyama, ripoti ya kamera, picha za skani zenyewe kwenye diski na si karatasi ya maelezo peke yake, majibu ya damu, orodha ya dawa pamoja na za mitishamba. Faili hilo ndilo litakalokuwezesha kutafuta maoni ya daktari wa pili bila kurudia vipimo. Kutafuta maoni ya pili si kumvunjia heshima daktari wako.

Tatu: siku ya kupewa mpango

Kesi yako inapaswa kujadiliwa na jopo: daktari wa upasuaji, wa dawa za saratani, wa mionzi, wa picha, wa maabara, na mtu wa lishe. Ukiwa umeonwa na mmoja tu, uliza jopo linakaa lini.

Nenda na mtu mmoja mtulivu, kazi yake iwe kuandika. Akili iliyopokea habari nzito husikia neno la kwanza na kupoteza mengine; hilo humpata kila mtu. Omba ruhusa ya kurekodi. Swali la kwanza liwe hili: lengo la tiba hii ni kuponya, au ni kurefusha maisha na kutuliza? Daktari akizunguka, lirudie kwa upole. Mengine yote hukaa chini yake: tiba ipi mbadala, nikikataa itakuwaje, kumeza kutabadilika lini, nani nimpigie usiku.

Nyumbani, chagua msemaji mmoja wa kutoa habari kwa ndugu. Kueleza jambo lilelile mara kumi na tano kwa siku kunachosha kuliko ugonjwa. Kukosa usingizi, kulia, hasira, hofu ya kukabwa wakati wa kula, haya yote yana msaada wake hospitalini ukiyataja. Mgonjwa akishindwa kula kwa sababu ya majonzi, kilo hupungua vilevile kama kwa uvimbe.

Nne: tiba zenyewe

T1a iliyo ndogo huweza kuondolewa kwa kamera kupitia mdomoni, bila kupasua, kisha utando uliobaki hutibiwa kwa joto na kufuatiliwa. Ukiambiwa upasuaji mkubwa kwa T1a, uliza kwa nini si kamera. Uvimbe uliozidi hapo kidogo, bila tezi za limfu kuguswa, mara nyingi huenda moja kwa moja kwenye upasuaji.

Kundi kubwa ni la katikati: T3, au tezi za limfu zimeguswa, lakini haijasambaa. Hapa upasuaji peke yake hautoshi. Utafiti wa CROSS uliochapishwa 2012 ulitoa mionzi ya Gy 41.4 (Gy, yaani grei, ni kipimo cha mionzi) kwa vipindi 23, pamoja na dawa za karboplatini na paklitakseli kila wiki kwa wiki tano, ndipo upasuaji. Nusu ya waliopata mpango huo waliishi zaidi ya miezi 49, ikilinganishwa na miezi 24 kwa upasuaji peke yake. Kwa saratani ya seli za tezi, utafiti wa ESOPEC, uliochapishwa 2025, ulilinganisha mpango huo na FLOT, mchanganyiko wa dawa nne unaotolewa kila wiki mbili, mara nne kabla ya upasuaji na mara nne baada yake. Nusu ya waliopata FLOT waliishi zaidi ya miezi 66, dhidi ya 37 kwa mpango wa CROSS. Kwa hiyo mwenye seli za tezi na mwili wenye nguvu aulizie FLOT kwa jina. Mwenye seli bapa asiione namba hiyo akadhani anapunjwa, maana saratani ya aina yake huitikia mionzi vizuri zaidi.

Kwa seli bapa, hasa za sehemu ya shingoni, kuna njia ya kuponya bila kupasua: mionzi ya Gy 50 hivi kwa wiki tano au sita pamoja na dawa. Tena utafiti wa SANO, uliochapishwa 2025, ulionyesha kwamba wagonjwa ambao uvimbe ulitoweka kabisa baada ya mionzi na dawa wanaweza kusubiri chini ya uchunguzi mkali, na baada ya miaka miwili hawakuwa wamefariki zaidi ya waliopasuliwa bila kusubiri. Lakini karibu nusu yao uvimbe ulirudi palepale, na wengi wa hao wakahitaji upasuaji. Anayechagua kusubiri awe na hakika ya kuhudhuria kila kipimo. Akikosa kimoja, usalama wa njia hii haupo.

Baada ya mionzi, dawa na upasuaji, ikiwa mabaki ya saratani yalionekana kwenye kipande kilichokatwa, dawa ya kinga iitwayo nivolumabu kwa mwaka mmoja hupunguza uwezekano wa ugonjwa kurudi. Uliza ripoti ya kipande hicho inasemaje.

Ikiwa imesambaa, dawa hurefusha maisha, na zile za kinga huongezwa kulingana na alama tulizotaja. Kumeza hutibiwa peke yake. Stenti hufungua njia ndani ya siku chache. Mionzi ya ndani ya umio huchelewa kuleta nafuu, lakini nafuu yake hudumu zaidi. Kwa anayetarajiwa kuishi miezi mingi, mionzi ni chaguo la kuulizia. Kwa anayehitaji kula wiki hii, stenti. Tiba shufaa, yaani ya kutuliza mateso ya ugonjwa, ianze sasa, sambamba na dawa. Wengi huikataa wakidhani ni tangazo la mwisho, kumbe wahudumu wake ndio mabingwa wa kutuliza maumivu, kichefuchefu na usingizi. Na kusema hutaki dawa kali, ukitaka kutulizwa tu, nalo ni chaguo halali linalostahili mpango wake kamili.

Madhara ya kujua mapema: fluorourasili, moja ya dawa za FLOT, inaweza kuwa sumu kwa mwenye upungufu wa kimeng'enya cha DPD, kinachoivunja mwilini, uliza kama damu yako imepimwa. Oksaliplatini, nayo iliyomo katika FLOT, hufanya baridi iume, hivyo usiguse barafu wala kunywa vya baridi siku zinazoifuata. Mionzi huchubua umio, na kumeza huwa kugumu zaidi kuanzia wiki ya pili au ya tatu kabla hakujawa rahisi. Si dalili kwamba tiba imeshindwa. Ndiyo sababu mpira wa kulishia hujadiliwa mapema.

Bandika hivi ukutani, ni vya kukimbilia hospitali: joto la mwili la 38 au zaidi ukiwa kwenye dawa, kutapika damu au kinyesi cheusi kama lami, kukohoa kila unywapo, ambako kwaweza kumaanisha tundu kati ya umio na njia ya hewa, maumivu makali ya kifua baada ya kamera au stenti, mate kutopita.

Tano: ukienda upasuaji

Uliza kituo kinafanya upasuaji wa umio mara ngapi kwa mwaka. Vinavyofanya mwingi hupoteza wagonjwa wachache. Uholanzi iliweka kiwango cha chini cha 20 kwa mwaka. Uliza pia ni wangapi mshono ulivuja. Takriban mmoja kati ya kumi ni jambo linalotokea hata mahali pazuri, na kituo kinachojua namba zake ni kituo kinachojichunguza.

Wiki za kujiandaa ni sehemu ya tiba. Acha sigara walau wiki nne kabla, acha pombe, tembea kila siku hadi upumue kwa haraka, fanya mazoezi ya kuvuta pumzi ndefu. Nimonia ndiyo adui mkubwa baada ya upasuaji huu, na mapafu yaliyofanyishwa mazoezi huikabili vizuri zaidi.

Tumbo litakatwa liwe mrija na kuvutwa juu kifuani au shingoni. Upasuaji huchukua saa nyingi, kisha chumba cha uangalizi maalumu, na mara nyingi siku kumi au zaidi wodini. Kurudia nguvu za zamani huchukua miezi, hata mwaka.

Ukirudi kuanza kula, hifadhi ya chakula haipo tena kama zamani. Sahani iwe ndogo, mara sita hadi nane, kinywaji kiachane na mlo kwa nusu saa. Ukipata jasho, mapigo ya moyo kwenda mbio na kuhara muda mfupi baada ya kula, chakula chenye sukari au kingi mno kimeshuka utumboni kwa kasi. Punguza vitamu na ujilaze kidogo ukiwa umeinua kiwiliwili. Mlo wa mwisho utangulie kulala kwa muda wa saa tatu, na kichwa cha kitanda kiinuliwe, kwa sababu mlango uliokuwa ukizuia asidi umeondolewa. Vitamini B12 ipimwe kila mwaka.

Chakula kikianza kukwama tena miezi michache baadaye, wengi hujifungia na hofu kwamba saratani imerudi. Mara nyingi ni kovu la mshono limesinyaa, nalo hutanuliwa kwa kamera, mara nyingi mtu akirudi nyumbani siku hiyohiyo. Huenda likahitaji kurudiwa mara kadhaa. Piga simu wiki ileile, ukiwa na uzito wako na ngazi ya kumeza mkononi.